Mlima Usio na Mwenyewe

Mradi ulipofika Rugembe ulikuja na magari mawili meupe, jenereta, katoni za maji ya chupa, na neno moja ambalo sijapata kuona likifanyishwa kazi namna ile: endelevu. Kilimo kilikuwa endelevu, mteremko ulikuwa endelevu, hata choo walichochimba nyuma ya shule kilibandikwa kibao kwamba ni choo endelevu, ingawa kilijaa kabla wenyewe hawajaondoka. Mimi niliajiriwa kuwapikia. Hakuna aliyeniita mpishi endelevu, lakini walikula na sahani zikarudi tupu.

Naitwa Yusra, mzaliwa wa Kasingirima kule Ujiji, na kazi yangu ya siku zote ni kuuza dagaa soko la Mwanga. Kule mlimani nilipelekwa na matumbo ya wataalamu. Walifikia kwa mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Mwinshehe, wakavumilia ugali wake wa muhogo, kisha wakaanza kuulizia kwa upole kama hapatikani mtu wa mjini anayejua pilau. Jina langu lilitajwa na Astérie, shoga yangu, aliyekuwa akiniletea ndizi na maharage sokoni tangu watoto wangu wakiwa wa kubebwa. Kwa hiyo niliyoyaona huko niliyaona kwa mwaliko wake.

Rugembe ni kitongoji kilichobandikwa ubavuni mwa mlima. Unapita Simbo, unapanda, unajuta, unaendelea kupanda. Ukifika unaliona ziwa lote limelala chini yako na milima ya Kongo ng'ambo, na unaelewa kwa nini wageni hupiga picha kwanza ndipo waulize watu wanakula nini. Mwaka uliotangulia, mvua za El Nino ziliporomosha kipande kizima cha mlima ule. Udongo ulifunika chemchemi na nyumba mbili, ukashuka na mto mpaka ziwani, maji yakawa mekundu hadi wavuvi wa Ujiji wakalalamika. Rugembe ilikuwa imekaa pale miaka na miaka bila mtu kuiuliza hali. Ilipoanza kuchafua samaki, wakubwa wakaikumbuka.

Kiongozi wa wataalamu aliitwa Feliksi, kijana wa Dar es Salaam mwenye adabu mpaka inachosha. Alimwamkia kila mtu, hata wadogo zake. Shingoni alining'iniza kidude cheusi, ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia, nacho alikilinda kuliko simu za mikoani zinavyolindwa posta. Alinieleza kwamba kidude kile kinaongea na satelaiti zilizoko angani, kisha kinakuambia mahali ulipo. Nilimuuliza kama yeye alikuwa hajui alipo. Akacheka kwa adabu, akaomba chai nyingine.

Kazi yenyewe, nikiacha mdomo wangu uliozoea kejeli, ilikuwa kazi nzuri. Walikuwa na picha ya mlima iliyopigwa kutoka juu, mbali kuliko ndege. Walitaka kupita shamba kwa shamba, wasimame, kidude kichukue mahali, mwenye shamba ataje jina. Kisha picha, mwinuko na majina vichanganywe kuwa ramani moja itakayoonyesha nani asaidiwe kujenga ngazi za mawe za kuzuia udongo, na wapi mlima uachwe upumzike. Shida ilikuwa ndogo tu. Kwa utaratibu wa mradi, wananchi hawakutakiwa kuambiwa lengo mapema, ili majibu yao yasiharibike. Feliksi aliniambia hivyo jikoni akiwa na kijiko mdomoni, kana kwamba ni jambo la busara.

Sasa ni lazima nieleze jambo ambalo kila mtu wa Kigoma anajua na kila mtaalamu alisahau kuuliza. Miaka ile mkoa wetu ulijaa watu waliokimbia vita Burundi, na wengine vita vya Kongo, na makambi yalikuwa yamefurika. Kabla tu ya mvua zile kubwa lilitoka agizo kwamba mkimbizi yeyote anayeishi nje ya kambi akusanywe. Waliokusanya hawakutofautisha sana kati ya aliyefika juzi na aliyefika enzi za wazazi wake. Waliingizwa kwenye malori watu waliokwisha kuoa kwetu, waliokwisha kuzika kwetu, wanaokosea Kirundi kuliko mimi.

Astérie alikuwa mmoja wa hao wa zamani. Aliletwa mgongoni mwa mama yake mwaka sabini na mbili, akakulia Simbo, akaolewa Rugembe na Muha mmoja mpole aliyeitwa Dismasi. Dismasi alifariki, Mungu amrehemu, akamwachia shamba la mteremko lililokuwa mawe matupu. Yule mwanamke aliyageuza mawe yale kuwa ngazi, moja juu ya nyingine, akapanda migomba kwenye kingo na maharage katikati. El Nino ilipobomoa mlima kushoto na kulia, ngazi za Astérie zilibaki. Hakuwa na kingine. Hakuwa na mtoto aliyeishi, hakuwa na ndugu, alikuwa na shamba lile na kaburi la mumewe kwenye ngazi ya juu kabisa. Yeye hakusema shamba, alisema itongo, kama wanavyosema kwao, maana yake ardhi ya mtu na watu wake.

Siku ya msako Astérie alikuwa kwangu Kasingirima, amekaa kwenye mkeka anachambua mchele. Kule mlimani waliuliza nyumba hadi nyumba: yuko wapi Mrundi anayeitwa Astérie? Rugembe nzima haikuwahi kusikia jina kama hilo. Mzee Mwinshehe aliwaomba wamtajie herufi. Waliuliza tena, wakajibiwa tena sijui, na mwisho wakachoka wakaondoka na lori lao. Tangu siku ile Rugembe ikawa na somo moja iliyolifaulu vizuri: mtu mwenye gari na kalamu akikuuliza chochote, jibu ni sijui, si langu, simfahamu.

Basi fikiria Feliksi wa watu anashuka kwenye gari jeupe, ana kalamu, na swali lake la kwanza ni hili shamba la nani.

Nilimfuata siku ile ya kwanza na chupa ya chai, sijapata kucheka hivyo. Tulimkuta Rozalia, jirani wa Astérie, anapalilia. Shamba si lake, alisema, yeye amemsindikiza mtu. Mtu gani? Keshatangulia. Tulimkuta mzee mmoja juu ya mgomba anakata ndizi, akasema anaangalia hali ya hewa. Mwenyekiti Mwinshehe, ambaye mihogo yake inaonekana kutoka Simbo, alisema mihogo ile ni ya mababu na mababu hawajaacha maelekezo. Kila jibu Feliksi alilishukuru, akaliandika, akasimama wima kungoja kidude kiongee na mbingu.

Tulipofika kwenye ngazi, Astérie alikuwa katikati ya maharage, jembe mkononi, udongo mpaka kwenye vifundo vya miguu. Aliniona nyuma ya Feliksi, nikatazama pembeni nisije nikaangua kicheko.

"Shikamoo mama," Feliksi alisema. "Ngazi hizi ni nzuri sana. Shamba hili ni la nani?"

"Sijui, bwana," Astérie alijibu. "Mimi napita tu."

Feliksi alimtazama, akatazama jembe, akatazama mstari wa maharage uliokuwa umepaliliwa nusu, ukiishia pale pale alipokuwa amesimama. Kisha akaandika: mpita njia. Mtu aliyesoma mpaka Ulaya akaandika mpita njia. Tulipogeuka kuondoka nilimsikia Astérie anaendelea kupita njia kwa jembe, mstari hadi mstari.

Walifanya hivyo mlima mzima. Wakafunga mizigo, wakaenda zao kutengeneza ramani, nami nikarudi kwenye dagaa wangu nikiamini kwamba Rugembe imeshinda tena.

Ramani ilirudi kiangazi kinakaribia kwisha. Niliitwa tena kupika kwa sababu kulikuwa na mkutano na wageni. Waliitundika kwenye ukuta wa darasa la nne, na lazima niseme ukweli ilikuwa nzuri. Ziwa lilikuwa buluu ya kanga mpya. Mteremko mkali ulikuwa na rangi nyekundu, chemchemi zilikuwa na alama, hata mti mkubwa wa njia panda ulikuwepo. Na katikati ya uzuri wote huo, mlima mzima wa Rugembe kuanzia juu ya chemchemi mpaka kileleni ulikuwa kijani kitupu. Maelezo chini yalisema kijani ni ardhi isiyo na mtumiaji. Taarifa iliyosomwa iliongeza kwamba idadi kubwa ya watu waliokutwa mlimani walikuwa wapita njia, kwa hiyo ilipendekezwa kijengwe kijia cha miguu, endelevu.

Watu walipiga makofi kwa sababu ya rangi. Kisha Feliksi, kwa kuwa sasa majibu hayangeweza kuharibika, akaeleza lengo. Shamba lenye jina litapimwa, mwenyewe atasaidiwa mawe na miche, hataguswa. Eneo lisilo na jina litafungwa mvua zikianza na kupandwa miti ya msitu. Hakuna kulima, hakuna kukata, hakuna kuingia.

Nilikuwa mlangoni na sinia la maandazi, nikaona uso wa Mzee Mwinshehe ukibadilika taratibu, kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha jiko linawaka. Alisimama akasema kwamba, baada ya kutafakari, mababu walikuwa wameacha maelekezo. Ile mihogo ni yake.

Basi ikawa kila mtu anasimama. Wapita njia wote walikumbuka kwamba walikuwa wamefika. Yule mzee wa hali ya hewa alidai ndizi zake, Rozalia alidai shamba lake, wengine walidai shamba lao na kipande cha jirani kwa bahati. Ungejumlisha yote yaliyodaiwa asubuhi ile, mlima wa Rugembe ungevuka ziwa ukaingia Kongo. Feliksi alifuta jasho. Aliwasihi watulie, akasema mradi uko tayari kurekebisha ramani papo hapo. Kila anayedai atasimama mbele ya mkutano, ataje jina lake kamili na mahali alipozaliwa, na awe na mashahidi wawili wanaopakana naye. Na dai ni leo tu, kwani ramani inaondoka jioni.

Mahali alipozaliwa. Aliyatamka maneno hayo bila ubaya wowote, na hilo ndilo lililonitia hasira zaidi. Nyuma ya darasa alikuwa amekaa bwana mmoja wa shati la kaki, aliyetambulishwa asubuhi kama mdau kutoka mjini. Alikuwa anakunywa soda kwa mrija, taratibu, akisikiliza.

Astérie alikaa dawati la pembeni, kanga ameivuta mpaka kwenye nyusi. Nilijua anafikiri nini kwa sababu nami nilikuwa nafikiri hilo hilo. Akinyamaza, itongo lake linakuwa msitu, na kaburi la Dismasi linakuwa mali ya miti. Akisema, anasema mbele ya yule bwana wa soda.

Wakati anafikiri, akasimama Martini, mdogo wake Dismasi. Alisema shamba la ngazi ni la marehemu kaka yake, kwa hiyo sasa ni la kwake. Baadaye aliapa kwamba alitaka kulificha tu chini ya jina lake ili shemeji yake asilazimike kusimama. Labda. Lakini shamba la bondeni la Dismasi nalo alilificha hivyo hivyo baada ya matanga, na siku zile za mkutano lilikuwa tayari mali ya mwenye duka mmoja wa Simbo, lina zizi la mbuzi wake.

Feliksi aliinamisha kalamu kuandika Martini. Ndipo Astérie aliposimama, akashusha kanga mabegani.

"Mimi ni Astérie, binti wa Ndizeye," alisema. "Nilizaliwa Burundi. Nililetwa hapa mgongoni, sikuja kwa miguu yangu. Hizo ngazi nimezijenga mimi. Ni itongo langu."

Feliksi alimtazama, nikaona amemkumbuka yule mpita njia, na kwa mara ya kwanza hakushukuru. Aliuliza mashahidi. Rozalia alisimama haraka, akasema anapakana naye upande jua linakochomoza na hajapata kuona mtu mwingine akilima pale. Huyo alikuwa mmoja. Upande wa pili aliyepakana naye alikuwa Martini mwenyewe.

"Shemeji," Astérie alimwambia, bila kupandisha sauti. "Tulipomzika kaka yako ulikula ndizi za wapi?"

Martini aliangalia vidole vya miguu yake. Bwana wa shati la kaki aliacha kunywa.

"Za kwako," Martini alisema, akakaa.

Kidude hakikuhitaji hata kupanda mlima, kwa sababu mahali palikwisha kuchukuliwa siku ile ya maharage. Feliksi aliweka nukta, akaandika jina pembeni yake, akarudia kulisoma kwa sauti asije akakosea. Ramani nzima ilikuwa na nukta nyingi zilizoandikwa kwa kubishana na kusukumana. Ile ya Astérie ndiyo pekee ambayo hakuna mtu aliyeibishia tena. Tulikula pilau. Wageni wakasema mkutano umekuwa wa kishirikishi sana.

Walikuja kumchukua Astérie baada ya Feliksi kupeleka ramani kwa wadau. Hivyo ndivyo utaratibu ulivyotaka, nakala kwa kila mdau. Rozalia ndiye aliyenisimulia, na aliposimulia alikuwa haamini bado. Gari lilipanda moja kwa moja. Halikusimama kwa mwenyekiti. Halikusimama kwa mtu yeyote kuuliza. Rugembe ilikuwa tayari, midomo imejaa sijui na simfahamu, na hakuna aliyewauliza kitu. Wanaume walishuka, mmoja ana karatasi na kidude kama kile cha Feliksi, akatembea huku akikitazama kiganjani, akapita nyumba ya Mwinshehe, akapita kwa Rozalia, akaenda mpaka mwanzo wa ngazi na kusimama mbele ya Astérie. Alimwuliza swali moja tu, kama yeye ndiye binti wa Ndizeye. Astérie akajibu ego, ndiye.

Mimi nilikasirika nikakosa wa kumkasirikia. Nilimkasirikia Feliksi kwa sababu alikuwa karibu. Alikuja Mwanga kunitafuta, akanikuta kwenye meza ya dagaa, macho mekundu, shati halikupigwa pasi. Alisema hakujua. Alisema ramani ile ilikuwa ya udongo na maji, haikuwa ya watu. Nilimwuliza majina aliyoyaandika ni ya mawe? Wateja wangu wawili waliondoka bila kununua, na sikuwalaumu.

Alikuwa amekuja na wazo. Ramani ya mwisho, ile ya kudumu, ilikuwa bado haijachapwa. Angeweza kuifuta ile nukta, jina, mahali alipozaliwa, vyote. Kisha angeandika kwamba kulikuwa na makosa ya kitaalamu, kwamba hakuna mtu wa jina hilo aliyewahi kujitambulisha Rugembe. Kwa karatasi hiyo huenda mtu angeweza kumsemea atoke kambini, akarudi kama zamani, mtu asiyejulikana miongoni mwa wasiojulikana.

"Na shamba?" nilimuuliza.

Alipangapanga dagaa wangu kwa kidole, vichwa upande mmoja. Nukta ikifutika, pale panarudi kuwa kijani. Nilimwambia mimi sina mamlaka ya kumjibu, mwenye mamlaka yuko kambini, na yeye Feliksi asiguse chochote mpaka nirudi.

Kupata kibali cha kuingia kambini ni kazi ya mtu asiye na kazi, na sitaisimulia. Nilimkuta Astérie amepewa kiwanja chenye namba katika mstari wa viwanja vyenye namba, turubai jipya, sufuria mbili, na majirani walioingia nchini mwaka juzi ambao walimcheka Kirundi chake. Alikuwa amekonda. Alipokea dagaa, akanishukuru, akanikalisha kwenye ndoo, kisha akaanza kulalamikia ardhi. Hapa ni tambarare, alisema, mvua ikinyesha maji hayajui yaende wapi, yanakaa tu mlangoni kama mgeni asiye na adabu. Alikuwa amekwisha kuchimba mtaro. Na majirani wote walikuwa wamekwisha kuuiga.

Nilimweleza wazo la Feliksi, lote, nikalipamba kidogo kwa sababu nilitaka arudi. Nilimtaka shoga yangu pale sokoni, basi, ngazi na zioze. Alisikiliza huku akichambua dagaa kwa kucha zake.

"Nikirudi bila jina, nitafikia wapi?" aliuliza.

Nikamwambia kwangu. Nyumba ipo, mkeka upo, mchele wa kuchambua haujaisha.

"Kwako ni kwako, mwenzangu." Alifunga dagaa kwenye kipande cha gazeti. "Mwambie kijana asiifute. Siku ile ya kwanza nilimwambia napita tu, na Dismasi amelala pale juu ananisikia. Sisemi hivyo tena."

Nililia njia nzima ya kurudi, kwenye lori la mihogo, mbele ya watu. Sioni haya kusema.

Feliksi alipokea ujumbe, akaiacha nukta mahali pake, na jina, na mahali alipozaliwa. Kisha, kwa kuwa huyu kijana hajapata kuleta habari njema ikiwa peke yake, akanieleza sharti ambalo alikuwa amesahau kutuambia. Mwakani picha nyingine itapigwa kutoka angani, mvua zikiwa zimekolea. Shamba lenye jina likionekana limekuwa kichaka, litahesabiwa limetelekezwa, na nukta itaondolewa na mashine yenyewe, si na yeye. Satelaiti haiulizi mwenye shamba amekwenda wapi. Inaangalia tu kama pamelimwa.

Nilimwambia hiyo ndiyo mara ya kwanza ameniambia jambo la maana, na kwamba angeanza nalo siku ile ya kwanza.

Mimi sijapata kulima. Watu wa kwetu Ujiji tumeuza, tumevua, tumesali, tumegombania mitumbwi, lakini jembe tuliwaachia wengine na kuwacheka kimyakimya. Mvua ya kwanza iliponyesha nilifunga meza ya dagaa, nikapanda Rugembe na raba za binti yangu, nikamwomba Rozalia jembe la Astérie. Aliniangalia kuanzia raba mpaka hina, akanipa. Nilipofika kwenye ngazi nilimkuta Martini keshafika, amepiga magoti kwenye ngazi ya pili, anarudisha mawe yaliyoteleza. Hatukusalimiana. Bado sijaamua kama namwamini, na yeye hakuuliza. Mzee Mwinshehe alikuja baadaye na mbegu za maharage kwenye kofia yake, wakafuata wengine, wale wale wasiojua chochote, kila mmoja na jembe lake.

Nilikuwa nalima vibaya, waliniambia, nachimba kama nazika mtu. Nilimwuliza Rozalia kama Feliksi alitaja satelaiti inapita saa ngapi. Hakujua. Mimi pia sikujua, kwa hiyo tulilima siku nzima.